Ndoano ya Ukingoni

Anayevua kwa mtumbwi humfuata samaki aliko. Anayevua akiwa nchi kavu hana cha kumfikisha huko ila mkono wake. Sisi tuliokulia Nshambya, Bukoba, katika nyumba zisizo na mtumbwi wala nyavu tulifundishwa kurusha kwanza, kuvua kukafuata baadaye.

Ziwa halikuwa mbali nasi. Ukitoka kwenye migomba ukashuka kwa miguu, ukapita mjini, unalikuta limetanda mbele yako na kisiwa cha Musira kimekaa palepale. Lakini kuliona ziwa si kulifikia. Hatua chache kutoka mchangani maji ni ya magoti, na waliomo ni dagaa wachanga na furu wa kuchezewa na watoto. Samaki wa kupeleka jikoni yuko mbele kidogo, pale mchanga unapoteremka na maji yakabadilika rangi. Habari za kipande hicho cha maji, kati ya mguu wa mvuvi na ule mteremko, ndizo ninazotaka kuziandika. Kila nikishuka ziwani nakuta vijana wenye fimbo nzuri za dukani wakirusha kwa nguvu kama wanaopasua kuni, na ndoano zinaangukia karibu na miguu yao. Wanaondoka wakisema ziwa limeisha samaki.

Aliyetufundisha alikuwa mzee wa mtaani, mstaafu wa kazi za melini, mtu wa maneno machache. Mtaa mzima ulimwita Babu. Tulimchotea maji na kumkatia mbuzi wake majani, naye jioni akatuita nyuma ya nyumba yake. Hatukuanza na ndoano. Tulianza na chupa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, wajukuu. Kila mtu na chupa yake, na kila mtu akunje uzi wake mwenyewe. Sitaki kuona mtu anakunjiwa."

Kwa asiyeijua zana hii, nieleze. Chupa ya bia ya kioo, au siku hizi ya plastiki iliyo ngumu, inazungushiwa uzi wa nailoni pale tumbo la chupa linapokaribia bega. Mkono wa kushoto unashika kitako, mdomo wa chupa unaelekea ziwani. Mkono wa kulia unazungusha uzito. Ukiuachia, uzi unajimenya wenyewe kupitia begani na shingoni mwa chupa, mzunguko baada ya mzunguko, na chupa imetulia mkononi. Hakuna mtambo wowote hapo, hakuna cha kutia grisi wala cha kupeleka kwa fundi.

Kila kitu kinategemea ulivyokunja. Mizunguko iliyolegea hutoka kwa mafungu, fungu moja linavuta jingine, na hapohapo linajifunga fundo la ukubwa wa ngumi ambalo utahangaika nalo mpaka magharibi. Ukirundika uzi mahali pamoja, nyuzi za juu huzama chini ya zile za chini, na wakati wa kurusha zinabanana na kusimamisha uzito angani. Babu alitaka uzi ukunjwe ukiwa umelowa, upite kati ya vidole viwili vinavyoubana kidogo, uende mbele na kurudi nyuma ili kila tabaka lilikate kwa mshazari lile lililo chini yake. Alitaka pia usizidi. Uzi ukijaa hadi juu ya bega la chupa unamwagika wenyewe, na ukiwa kidogo mno unakwaruza bega na kupoteza mwendo.

"Uzi ukiukunja kwa hasira, utatoka kwa hasira," alisema. Akikuta mahali pamelegea alikuambia uukunjue wote uanze upya, hata kama jua linazama. Tulikunja na kukunjua mpaka vidole vikachubuka. Nilipokuja kushika fimbo yenye rili, miaka mingi baadaye, upande wa uzi sikuwa na jipya la kujifunza.

Na rili hiyo asili yake haiko mbali na ile chupa. Zamani kibiringo cha rili kilikuwa kinazunguka wakati wa kurusha, na kikizunguka kwa kasi kuliko uzi unavyotoka, uzi wote unajisokota. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu huko Bradford, alipata hataza ya rili ambayo kibiringo chake kinatulia na uzi unateleza kutoka kwenye ncha yake. Inasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kiwandani, kwa kutazama nyuzi zinavyochomoka kwenye vibiringo vya mashine. Rili nyingi zinazouzwa leo kwa wavuvi wa ukingoni zinafuata njia hiyohiyo. Mtoto wa Nshambya aliyeelekeza mdomo wa chupa ziwani anatumia kanuni ileile, na akiielewa kwenye chupa hataisumbukia kwenye rili.

Kwa uzito tulitumia plagi kuukuu tulizookota gereji. Plagi ina faida: mbele ina kijiti cha chuma kilichopinda, unapitisha kitanzi cha uzi kwenye pengo lake kisha unalibana kwa koleo, na haichomoki. Wengine walifunga nati. Risasi ya dukani ni nzuri zaidi kwa sababu ni ndogo kwa umbo na nzito kwa kilo, hivyo upepo hauipati sana, lakini nani alikuwa na pesa ya risasi?

Ndoano ilikuwa mwiko. Siku zote za mwanzo tulirusha plagi tupu kwenye uwanja wa shule, jioni wakati wachezaji wameshaondoka, na shabaha ilikuwa tairi lililolazwa kwenye nyasi. Nawaambia wanaoniuliza mpaka leo kwamba hakuna mahali pazuri pa kujifunzia kurusha kuliko uwanja mkavu. Ziwani unatazama samaki, unatazama mawimbi, unatazama wenzako, na plagi ikishazama hujui imeangukia wapi. Uwanjani unaiona ilipoanguka, unapima kwa hatua, unajua kama ilienda kushoto.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo baadaye nililikuta kwenye kitabu cha fizikia likiwa na mishale na herufi. Kitu kinachozungushwa kikiachiwa hakiendelei na duara. Kinaondoka kwa mstari ulionyooka, kikifuata upande kilikokuwa kinakwenda wakati uleule wa kuachiwa. Sasa chukua uzi wenye urefu wa mkono, plagi ikining'inia, uzungushe wima ubavuni mwako, mkono ukiwa usawa wa bega, plagi ikipita chini kwenda mbele kisha ikipanda. Ikiwa chini kabisa, karibu na mguu, inakwenda mbele sambamba na ardhi. Ukiiachia hapo itajipiga kwenye maji mita chache kutoka ulipo. Ikifika mbele yako usawa wa bega inakwenda juu moja kwa moja. Ukiiachia hapo itapanda mbinguni na kukurudia kichwani. Mahali pa kuiachia ni katikati ya hapo, ikishapita usawa wa goti na kabla haijafika kiunoni. Hapo inapanda na kwenda mbele kwa kiasi kimoja, nao ndio mwelekeo unaoipeleka mbali.

Wengi huchelewa. Jicho linataka kuiona plagi mbele ndipo mkono uachie, na ikishaonekana mbele muda umepita. Babu alitufanya turushe tukiwa tumefumba macho, wengine wote wakiwa wamesimama nyuma, ili mkono uzoee kusikia uzito badala ya kusubiri jicho. Plagi ikiwa chini kabisa inavuta kidole kwa nguvu zake zote; ukisikia mvuto huo, hesabu pumzi moja fupi, achia. Kipimo hicho kinamfaa mtoto na kinamfaa mzee.

Alikataza pia kuzungushia juu ya kichwa. Anayezungusha juu ya kichwa akikosea kidogo plagi inakwenda pembeni, na pembeni kuna watu. Anayezungusha wima ubavuni akikosea, kosa linakwenda juu au chini, bado mbele yake. Ukingo wa Bukoba jioni hauna nafasi ya kutosha: kuna wafua nguo, watoto wanaoogelea, wauza mahindi. Uzito wenye ndoano ukiruka upande usiotakiwa unaweza kumtoa mtu jicho.

Aliyekuwa akirusha mbali kuliko sote alikuwa dada yangu, mtoto wa baba mdogo. Alikuwa mwembamba, mdogo kuliko wavulana wote pale uwanjani. Wavulana walikuwa wanazungusha mara nyingi na kwa kasi, mpaka mwili mzima unayumba. Yeye alizungusha polepole mara mbili, mzunguko wa tatu akauongezea mwendo bila kuushtua, akaachia. Plagi yake ilitoka kimya na kwenda, na uzi ukawa unachomoka kwenye chupa kwa sauti nyembamba kama ya kitambaa kinachochanwa. Babu alituambia tusitazame plagi inakoangukia, tutazame kifundo cha mkono wake. Kilikuwa kimetulia. Nguvu ilikuwa inatoka mguuni, inapita kiunoni na begani, inafika mkononi ikiwa imekusanyika.

Nilimkumbuka miaka mingi baadaye niliposoma habari za Joan Wulff, Mmarekani aliyezaliwa New Jersey mwaka 1926 na kuanza kurusha akiwa msichana mdogo. Mwaka 1951 alishinda shindano la kurusha mbali mbele ya washindani ambao wote walikuwa wanaume. Mwaka 1960 alirusha futi 161, takriban mita 49, kwa mtindo wa ndoano ya manyoya, ambao hauna risasi wala plagi: uzito ni uzi wenyewe. Katika mtindo huo nguvu za mabavu hazikusaidii kitu, kwa maana uzi ukishtuliwa unaanguka. Baadaye alitumia maisha yake kufundisha watu na kuandika namna mwili unavyofanya kazi wakati wa kurusha. Dada yangu hakuwahi kumsikia mama huyo, na wote wawili walifika mahali pamoja.

Ukishajua kurusha uwanjani, unabaki na mwalimu wa pili, ambaye ni upepo. Bukoba iko upande wa magharibi wa ziwa, na jambo hilo linaamua saa za mvuvi wa ukingoni. Usiku vilima vyetu hupoa upesi kuliko maji, hivyo alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Unakuwa mgongoni mwako. Uzi mwepesi unakwenda, chambo kidogo kinakwenda, na hata anayeanza anajiona bingwa. Jua likishapasha ardhi, upepo hugeuka na kutoka ziwani, na ifikapo alasiri unakupiga usoni. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huongezeka juu ya huo, na mawimbi yanapanda mchangani.

Anayerusha alasiri kwa namna aliyorusha alfajiri atachoka bure. Upepo ukiwa usoni, achia mapema kidogo ili uzito upite chini karibu na maji, kwa sababu juu ndiko upepo ulikokaza. Punguza chambo, maana chambo kikubwa ni tanga. Tumia uzi mwembamba kadiri unavyoweza kuamini fundo lako. Upepo ukitoka ubavuni, elekeza mrusho kidogo upande unakotoka, na plagi ikishagusa maji ushushe mkono upesi ili uzi ulale majini kabla haujavutwa kuwa upinde. Uzi uliopinda haukupi habari: samaki anagonga, wewe husikii.

Hata hivyo upepo wa usoni si wa kuukimbia. Ukivuma siku kadhaa mfululizo unasukuma maji ya juu na chakula kuja ukingoni, unachafua mchanga, na samaki wanasogea. Kuna jioni za upepo ambazo hakuna haja ya kurusha hata nusu ya uwezo wako. Cha kukimbia ni radi. Wilaya zetu za kandokando ya ziwa hupata mvua nyingi, Bukoba karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huja na ngurumo zinazotoka ziwani usiku wa manane na asubuhi. Mtu aliyesimama ufukweni akiwa na fimbo ndefu mkononi ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo, na fimbo za siku hizi zenye kaboni zinapitisha umeme. Ukisikia ngurumo, laza fimbo chini uondoke.

Chambo nacho kina madai yake wakati wa kurusha. Mzunguko unaoshtuliwa unachana nyungunyungu na kuiacha ndoano tupu, na mvuvi anakaa nusu saa akivua kwa chuma kitupu. Nyungunyungu apitishwe ndoano kwa urefu wake wote, mwili ukifunika shina la ndoano, si kutobolewa mara moja katikati. Kipande cha samaki kifungwe kwa uzi wa kushonea, mizunguko michache tu inatosha. Fundo la uzi lilowe kwa mate kabla ya kukazwa, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu inajichoma kwa msuguano na kukatikia hapohapo kwenye mrusho wa kwanza wa nguvu.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakifanyi. Plagi ikikaribia maji, kidole gumba cha mkono ulioshika chupa kinagusa uzi unaotoka, kiguso tu. Plagi inapunguza mwendo, chambo kilichokuwa kinafuata nyuma kinapita mbele, vyote vinalala majini vikiwa vimenyooka bila kujisokota, na haipigi kishindo. Samaki wa maji ya kina kifupi husikia kishindo. Kwenye rili unafanya hivyohivyo kwa kidole cha shahada kwenye ukingo wa kibiringo.

Fimbo yenyewe nitaisemea kwa ufupi, maana aliyepita kwenye chupa hahitaji mengi. Mguu wa nyuma unabeba mwili, kisha mwili unahamia mguu wa mbele. Mkono wa juu unasukuma, mkono wa chini unavuta kitako cha fimbo kuja kifuani, kwa wakati mmoja. Wengi wanausahau mkono wa chini, wakati ndio unaoipinda fimbo. Anza polepole, maliza kwa kasi, na uzi uuachie fimbo ikiwa inaelekea kupita juu ya paji la uso wako.

Baadaye kazi ilinipeleka Muleba, na huko nikakuta ukingo wa namna nyingine: miamba inayoingia moja kwa moja majini, na kina kinaanzia miguuni. Ng'ambo unaviona visiwa, Bumbire kikiwa kikubwa kuliko vyote, na mitumbwi ya vijana wa migonzo ikienda kutega ndoano zao kwa mamia. Kwenye miamba hiyo umbali haukuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa kunasa. Watoto wa huko walinionyesha dawa yake: jiwe au nati ya uzito inafungwa kwa kiuzi dhaifu, hata cha gunia, na ndoano inakaa kwenye uzi imara. Uzito ukinasa kati ya mawe, unavuta, kiuzi dhaifu kinakatika, unapoteza jiwe na kubaki na ndoano, na samaki kama yupo. Lakini kiuzi hicho kikishtuliwa wakati wa kurusha kinakatika angani. Kwa hiyo watoto wale, bila kufundishwa na yeyote mwenye cheo, walikuwa warushaji wa taratibu sana. Zana yenyewe iliwalazimisha.

Muleba ilinifundisha pia kuacha kuabudu umbali. Sangara anapowinda jioni, mwanga ukipungua, anasogea hadi kwenye kina kifupi kufuata dagaa na furu. Sato hukaa kwenye matete na mafunjo, na kwake kinachotakiwa ni kuidondosha ndoano kwenye uwazi wa ukubwa wa sinia bila kugusa jani. Mwanzi mrefu na boya la kipande cha ndala kuukuu vinatosha. Huku mjini Bukoba, mvua ikinyesha na Mto Kanoni ukamwaga maji ya kahawia ziwani, samaki husimama kwenye mpaka wa maji machafu na maji safi wakisubiri kinacholetwa. Mpaka huo unaonekana kwa macho. Mara unakuwa mbali, mara unakuwa mbele ya miguu. Mdiria naye akisimama angani akipigapiga mabawa mahali pamoja, chini yake kuna samaki wadogo, na palipo na wadogo wakubwa hawako mbali. Mrushaji mzuri ni yule anayeweza kufikisha ndoano pale anapotaka, pawe mbali au karibu.

Na mrusho mzuri unakuacha nchi kavu. Nalisisitiza hili kuliko yote kwa wazazi. Asiyejua kurusha huingia majini hadi kiunoni ili kupunguza umbali, na maji yetu ya pembeni, hasa penye majani na konokono, yana kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi bila mtu kusikia, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa juu, saa zilezile ambazo watoto wako ziwani. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini anayetibiwa akarudi kusimama majini anaambukizwa tena. Mtoto anayeweza kurusha kutoka mchangani hana sababu ya kulowa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike haya. Samaki wa ukingoni wana adui mkubwa kuliko ndoano. Sato dume huchimba kiota kwenye mchanga wa kina kifupi, na jike hubeba mayai na vifaranga kinywani. Sangara wachanga nao hukulia maji ya pembeni. Kokoro likipita hapo, limevutwa kwa kamba na watu wa pande mbili, linakomba kila kitu: viota, vifaranga, wasiofika hata kidole. Ndiyo sababu limepigwa marufuku. Ziwa hili limeshaona gharama ya nyavu zisizo na kiasi. Nyavu za kisasa za kutega zililifikia mwaka 1905, na ilipofika 1927 na 1928, Michael Graham alipofanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa samaki wa ziwa hili, tayari samaki aina ya ngege walikuwa wamepungua kiasi cha yeye kupendekeza matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Kisha akaletwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akaenea, furu wa aina mamia wakatoweka. Wazee wetu wanawakumbuka samaki ambao wajukuu zao hawajawahi kuwaona kwenye sahani.

Siamini kwamba ndoano moja ya mtoto wa Nshambya italiokoa ziwa lenye kilomita za mraba 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake likiwa Tanzania. Lakini naamini, kwa sababu nimeona, kwamba kijana anayejua kurusha vizuri hashawishiki kirahisi kwenda kuvuta kokoro kwa ujira wa jioni. Anapata samaki wake, anajua alimpataje, na anamtazama mmojammoja akiwa hai mkononi mwake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia samaki huyu ni mdogo, mrudishe, anakuelewa. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, viko mialoni, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ipo. Havitashinda kama wanaokaa pembeni ya maji hawana namna nyingine ya kuvua iliyo halali na inayolipa.

Wazazi, walimu na kina baba wadogo wa Bukoba na Muleba, nawaomba muwafundishe watoto. Gharama yake ni uzi, chupa na plagi ya kuokota. Waanzieni uwanjani bila ndoano, msiwaharakishe. Mkifika ziwani, mabaki ya nailoni yarudi nyumbani, kwa sababu yakiachwa ufukweni yanawafunga mnandi na korongo miguu mpaka wanakufa. Na muende na rula. Sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika sentimita 25 kanuni haziruhusu achukuliwe. Lowesheni mikono, mtoeni ndoano taratibu, mrudisheni majini akiwa hai.